Siku Limbuko Aliposhika Sikio

Neno kukua linanitia kichefuchefu. Nalisema mapema ili anayelipenda asije akanikalia karibu. Nimelitafuna miaka arobaini, nimelipigia mstari kwa wino mwekundu, nimelisikia likipigiwa makofi na watu wenye viganja laini, na sasa kila likinipita ulimini nasikia ladha ya uji uliochacha. Jipu hukua. Ukungu kwenye mkate hukua. Kucha za maiti, wasemavyo waosha maiti, nazo hukua, na sijamsikia mtu akimpongeza maiti kwa maendeleo yake. Kwa hiyo swali lililonileta tena mbele ya lango hili, asubuhi hii au asubuhi nyingine inayofanana nayo, si kama kitu kinakua au hakikui. Hilo huulizwa na watoto na mawaziri. Swali langu ni kwamba kitu kinapokua, ni nini chake kinachokua, na ni nini kinachobaki palepale kikitazama.

Lango ni la chuma. Juu yake pana saa ya ukutani inayoonyesha saa mbili kasoro robo, na imeonyesha hivyo tangu nipate akili. Ndani ya lango ni mahali panapoitwa Darasani. Nilisoma humo, nikapewa humo kazi, na bado siwezi kukuambia kuna nini, isipokuwa kwamba waliomo hawatoki ila kwa kazi na wasiomo hawalali. Sheria ya kuingia ni moja, na kila aliyezaliwa upande wetu anaijua kabla hajajua kuhesabu. Unasimama wima. Unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi. Vidole vikigusa sikio la kushoto, umekua, ingia. Visipogusa, rudi kwa mama yako ukanywe uji, uje mwakani. Hawakuulizi umezaliwa lini wala unajua nini.

Limbuko amesimama mbele ya lango hilo miaka sitini.

Ana mvi kifuani. Bado amevaa kaptula ya kaki aliyovalishwa siku ya kwanza, imepasuka kiunoni ikafungwa kamba ya katani, na miguu yake imepiga magaga mpaka panya huingia kwenye nyufa wakazaa. Shingoni amevaa tai. Hiyo tai ilikuwa zawadi. Asubuhi ile ya kwanza wageni waliokuwa wakifunga mizigo yao kuondoka walimwona ni wa kwanza kwenye foleni, wakamwita, wakamfunga kwa mikono yao wenyewe, wakalivuta fundo mpaka likatulia chini ya koromeo, wakarudi nyuma hatua mbili kumtazama, wakasema sasa amependeza. Sisi wote tulipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza fundo hilo linafunguliwaje.

Tangu siku hiyo uji unaoingia kinywani mwa Limbuko hauvuki shingo. Unaishia kichwani. Na kichwa, kwa kuwa kilikuwa kinakula peke yake, kikakua. Leo ukisimama chini yake huoni kinapoishia. Kimeegemezwa miti ya panda pande zote, jinsi tunavyouegemeza mgomba uliozidiwa na mkungu, na miti hiyo hubadilishwa kila mwaka kwa mirefu zaidi. Watu wenye kucha ndefu walipanda zamani, wakajenga juu. Wanajiita Wakazi wa Utosini. Wana ghorofa za vioo, wana bwawa la kuogelea katika bonde la paji la uso, na vilabu vya kunywea. Baraza za nyumba zao zimening'inia mbele ya macho ya Limbuko, kwa hiyo haoni kitu isipokuwa chini ya sakafu za watu. Sikio lake la kulia walilitia mnara wa mawasiliano, likafa. Limebaki la kushoto, dogo, la mtoto, kwa sababu masikio hayakuwamo katika hesabu ya vinavyolishwa.

Na mikono. Mikono ya Limbuko ni ileile ya asubuhi ya kwanza, mikono ya mtoto wa miaka saba, imening'inia kwenye mabega ya mzee. Lakini viganja vyake vina sugu ngumu, kwa kuwa mbele yake wameweka jiwe la kusagia, na mikono hiyo inasaga mtama tangu alfajiri. Unga hupandishwa juu kwa kapi na kamba. Wageni huleta sufuria na upawa. Uji ukiiva, tunashukuru sufuria.

Mimi ndiye ninayepima. Kila Siku ya Kupima nakuja na futi yangu ya kamba, penseli, wembe wa kuchongea penseli, na fomu yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza umeandikwa Matarajio, wa pili Changamoto. Napanda ngazi, nazungusha futi kichwani, naandika katika Matarajio kwamba kichwa kimeongezeka kwa kiasi fulani kulinganisha na mwaka jana. Kisha nashuka, natazama mkono ukijaribu kupanda, ukiishia shavuni, ukitetemeka, ukianguka, naandika katika Changamoto: mkono haujafika. Maneno mawili. Nimeyaandika mara arobaini kwa mwandiko mzuri, na sijawahi kuupima mkono wenyewe. Fomu haina nafasi ya mkono.

Leo nilimkuta mama yake amekaa palepale anapokaa siku zote, juu ya kinu kilichopinduliwa, upande wa kushoto. Jina lake mwenyewe lilishamezwa, wote tunamwita Mama Limbuko. Kazi yake ni kusema. Kwa vile mwanawe haoni, yeye humtazamia, akainua uso na kuirusha sauti hadi kwenye lile sikio moja: leo kuna mawingu upande wa milimani, mwanangu, mbuzi wa jirani amezaa pacha, huyo anayekohoa ni mlinzi wa lango, mzee sasa, alikuwa kijana. Siku nzima. Sauti yake imekwaruza kama mfuniko wa bati, lakini haikomi, na mikono ya Limbuko husaga kwa kufuata mapigo yake. Akinyamaza kunywa maji, mikono nayo husimama.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mpimaji?"

"Ndiye mimi. Nakuja kila mwaka."

"Kila mwaka huja mtu mwenye viatu. Mie huangalia viatu, nikajua siku imefika." Kisha akaniinamia, akakunja macho. "Ngoja. Geuza shingo. Hebu geuza. Wewe si Shaweji? Ulikuwa nyuma ya mwanangu kwenye foleni."

Nikakataa. Naapa nilikataa, nikasema Shaweji ni mtu mwingine, alikwenda Darasani zamani. Lakini shingo yangu ilikuwa imekwisha kugeuka, na ilipogeuka nikawa nina miaka saba.

Niko kwenye foleni. Saa ni mbili kasoro robo. Umande umelowesha vidole vyangu. Mbele yangu Limbuko ana tai mpya na ananuka mafuta ya nazi, anaitwa, anasimama wima kama alivyofundishwa, anapitisha mkono, na vidole vinakosa sikio kwa upana wa punje ya mchele. "Mwakani," anasema mwalimu. Anageuka, anapita karibu nami, hajalia bado. Ananong'ona: "Shaweji, inamisha kichwa kidogo upande wa kulia, sikio litakufuata lenyewe. Mimi nimesahau." Nikainamisha. Kidogo tu, mwalimu alikuwa anamtazama nzi kwenye kikombe chake. Vidole vikagusa. Lango likafunguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wazee, na mimi niliinama nikakipata cha mvunguni, kumbe huko mvunguni ndiko nilikokuwa nahamia. Sijakiinua kichwa hiki tangu saa ile. Ukinitazama kwa nyuma utaona bega la kulia lina alama ya shavu.

"Ni mimi, mama," nilisema, na nilikuwa mzee tena.

Hakunikumbatia wala hakunitukana. Alishika ncha ya futi yangu ya kamba akaivuta taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Nakuomba kitu kimoja, Shaweji. Usiende juu na hiyo kamba yako. Nenda pale shingoni. Legeza tai. Sikwambii uivue, maana najua mtasema ni sare. Legeza tu, uji upate njia, tone moja lifike kwapani. Mkono utakua wenyewe. Mkono haujakataa kukua, baba, haujapewa."

"Najua, mama."

"Unajua tangu lini?"

Nilijua tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Mtu yeyote mwenye macho na koo anajua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi na ndilo linalonichukiza kuliko harufu ya mahali hapa, kwamba si fumbo. Tumekaa vikao, tumewaleta wataalamu wa mikono kutoka mbali, tumeandika kwamba huenda mkono una uvivu wa asili, huenda ni hali ya hewa, huenda mtama wenyewe haufai, na wakati wote huo kitambaa chenye upana wa vidole vitatu kimekaa shingoni mwa mtu mchana kweupe.

"Anakohoa usiku mzima," alisema Mama Limbuko. "Ubuluu wa kukosa pumzi umetoka shingoni, umeshuka mpaka kifuani. Hatafika mwakani. Leo akikosa sikio, mwakani hamtampima, mtamzika."

Chini ya turubai, upande wa pili wa lango, wageni wa sufuria walikuwa wamekwisha kukaa. Wanakula sambusa kwa uma, wanafuta midomo kila wakitafuna mara mbili. Mkuu wangu, Mkaguzi Mkuu Bwana Kilindo, alikuwa anawapita mmoja mmoja akicheka kicheko chake cha kazini, kile kinachoanzia mabegani. Aliponiona, mara ameshanifikia, amenishika kiwiko, harufu ya karafuu mdomoni.

"Shaweji, ndugu yangu, leo si mchezo. Wamechoka. Wanasema mwaka wa sitini huu, kichwa kinakua vizuri, kinatia moyo, lakini kanuni ni kanuni. Asiposhika sikio kabla jua halijafika utosini, sufuria inapelekwa kwa mtoto mwingine."

"Tulegeze tai, Mkuu. Mkono utafika."

"Leo?"

"Si leo. Miaka michache."

"Miaka michache!" Alitazama nyuma kuona kama wageni wamesikia. "Bwana wee, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja leo, wewe unataka mwenyeji apone baada ya miaka michache? Na hao wa juu watakuelewa? Panda ngazi. Tafuta njia. Wewe si msomi? Tulikusomesha kwa nini?"

Nikapanda.

Ngazi ni moja. Ina vipandio kumi na vinne hadi kwenye sikio, na tai iko kwenye kipandio cha tisa. Namna ilivyo, huwezi kulifikia sikio bila kuipita tai, na kila mwaka nimeipita nikiangalia pembeni. Leo nilisimama pale. Kitambaa kimezama ndani ya nyama, pembeni pameota kitu cha kijani, na chini ya fundo pana jasho la miaka sitini ambalo limekuwa ute. Nzi wadogo wanaingia na kutoka. Nembo ya Darasani bado inasomeka. Nilitaka kutapika, nikatapika kidogo mdomoni, nikameza, kwa sababu wageni walikuwa wanatazama. Nilitoa wembe mfukoni.

"Shaweji?"

Sauti ilitoka juu ya kichwa changu na ilitoka pia chini ya kiganja changu, pale nilipokuwa nimelishika koromeo.

"Ndiye mimi, Limbuko."

"Nimekujua kwa pumzi. Unahema kama siku ile ya foleni." Alikohoa, na huko juu vioo vikagongana. "Watakuja kulalamika sasa. Wana mtu wa kulalamikia kikohozi changu. Mama yupo?"

"Yupo. Amekaa juu ya kinu."

"Amekula?"

Sikujua. Mara arobaini nimekuja na sijawahi kujua kama mama yake amekula. Nikasema amekula.

"Unadanganya, lakini vizuri," alisema Limbuko. "Anapokuwa na njaa sauti yake hupanda juu. Mimi kila kitu nakijua kwa sikio hili. Mvua naijua kwa yeye. Siku naijua kwa yeye. Akiniambia kuna mawingu, basi mimi nina mawingu. Unafanya nini hapo shingoni?"

"Natazama fundo."

"Ah." Mikono yake midogo huko chini ilikuwa imeacha kusaga. "Litazame vizuri."

Nikaingiza ukucha chini ya kitambaa. Wembe nikauweka juu ya fundo. Nakuambia ukweli, ukali wake ulikuwa unatosha, ni wembe mpya, ningelikata kwa mpigo mmoja kama ninavyokata uzi. Kitambaa kilianza kuachana nyuzi mbili, tatu. Papo hapo kitu kikatelemka chini ya kidole changu, joto, kizito, tone la uji likipita. Likashuka. Nikauona mkono wa kulia ukishtuka kama mtu aliyeitwa.

"Wewe wa ngazini! Unagusa nini hapo?"

Ni mwanamke mwenye taulo kichwani, ameinama kwenye baraza iliyo juu ya jicho la kushoto. Nyuma yake wakaja wengine, wana glasi mikononi.

"Nalegeza tai, mama."

"Ukilegeza, uji utashuka!"

"Ndiyo, utashuka mikononi."

"Bwawa letu limepungua sasa hivi, limepungua kwa kidole kizima! Watoto wamo ndani! Mikono ina nini? Mikono imezoea. Usiifundishe mambo isiyoyajua. Iambie subira huvuta heri."

"Huyo si Shaweji wa kisogoni?" mwingine aliuliza. "Si jirani yetu huyo? Mwulizeni chumba chake kitakaa wapi kichwa kikinywea!"

Sikuwa nimekwambia hilo. Nina chumba. Kiko nyuma kabisa, kisogoni, hakina dirisha, na mvua ikinyesha maji ya bwawa la wenzangu hupita juu ya kitanda changu. Lakini kiko juu. Nililia siku nilipopewa ufunguo. Mtu anayesoma kurasa hizi akitafuta mwovu wa hadithi, asihangaike na wageni wala na mwanamke mwenye taulo, wao ni kama mvua na panya. Anitazame mimi nilivyosimama kwenye kipandio cha tisa, wembe mkononi, nikifikiria kitanda chenye unyevu.

Nikatafuta sababu nzuri, na kwa mtu aliyesoma sababu nzuri hazikosi. Nilijiambia sufuria ikiondoka atakufa njaa. Uongo. Unga ni wake, jiwe ni lake, kuni zimejaa, angepika hata kwenye kigae. Nilijiambia kichwa kikinywea ghafla watu wataanguka. Wangeshuka kwa ngazi kama walivyopanda. Nilijiambia mabadiliko ya haraka huumiza wanyonge kwanza. Hilo nililipenda sana, nilikaa nalo kwa muda, lina sauti ya kitabu. Chini Bwana Kilindo alikuwa ananyosha kidole kwenye kivuli cha mti wa panda, kimebaki kipande cha kuenea mguu mmoja. Mama Limbuko alikuwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama, ni mfupi.

Na hapo njia ikaja. Haikuja kama shetani, ilikuja kama jibu la mtihani, safi, yenye namba pembeni. Sheria inataka mkono ulishike sikio. Mkono haupandi kwenye sikio. Basi.

Nikainua mguu kwenye kipandio cha kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Shaweji," alisema Limbuko, "umepita."

"Nakuja juu kidogo."

"Fundo liko chini."

"Najua."

"Inamisha kichwa," alisema, na sikujua kama ananifundisha au ananicheka. "Wewe ulikuwa hodari sana wa hilo."

Sikio lake lilikuwa dogo kama nilivyolikumbuka. Nyuma yake pana kovu la tetekuwanga ambalo nilikuwa nimelisahau, alilipata juma tulilofundishwa kupitisha mkono. Ndani lilikuwa safi. Kichwa kizima kimejaa uvundo, lakini sikio hilo lilikuwa safi, maana ndimo mama yake alimokuwa anapita kila siku. Wembe uliokwisha kukata nyuzi tatu za tai ulilikata sikio hilo kwa mpigo mmoja. Ni laini kuliko kitambaa. Lilibaki kiganjani mwangu, lina joto, lina nta kidogo, halina uzito.

Limbuko hakupiga kelele. Alisema, "Shaweji? Mbona umenyamaza?"

Nilishuka mbio. Bwana Kilindo alikwisha kuelewa kabla sijafika chini, ana akili nyepesi, alikuwa ameshaziba kicheko kwa leso. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akaniminya bega. Walinzi wawili wakauinua mkono wa kulia wa Limbuko hadi shavuni, mpaka ulipozoea kufika. Nikaliweka sikio kwenye kiganja kile chenye sugu. Nikavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Kidole gumba kilikataa, nikakisukuma.

"Ameshika!" alipaza sauti Bwana Kilindo. "Mabibi na mabwana, ameshika sikio!"

Turubai lote likasimama. Makofi yalikuwa mengi, ya kweli, kuna mgeni mmoja aliyelia. Huko juu wakafungua chupa, povu likatuangukia mabegani. Mtu mmoja akaleta saruji nyeupe ya kuzibia tundu, kwa ajili ya usafi. Na lango, lile lango la chuma lililotushinda miaka sitini, likafunguka bila hata kulia, kana kwamba halikuwahi kufungwa kwa kitasa.

"Mama," Limbuko alikuwa anasema. "Mama, mbona umenyamaza? Leo kuna nini? Niambie kuna nini."

Mama yake alikuwa anapiga ukelele. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile ikitoka kwa mtu mfupi. Alikuwa anaita jina lake, Limbuko, Limbuko mwanangu, niko hapa, niko hapa kushoto kwako, na alikuwa ameshika kaptula yake kwa mikono miwili, na mishipa ya shingo yake imesimama, na ndege waliruka kutoka kwenye miti ya panda.

"Mama, umechoka?" alisema Limbuko. "Pumzika basi. Nitangoja."

Wakamtia magurudumu chini ya nyayo, wakamsukuma. Kichwa kilitangulia, miti yake ikibebwa na watu sitini, kisha yale mabega, kisha mikono miwili midogo, mmoja umefunga ngumi. Jiwe la kusagia likaburutwa nyuma. Mlinzi wa lango alimzuia Mama Limbuko kwa fimbo, kwa upole, akimwambia bibi, huku ni kwa waliokua tu. Juu ya lango saa ilikuwa saa mbili kasoro robo.

Nilikuwa na fomu ya kujaza. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kwa kuwa hakukuwa na kiti, nikachonga penseli kwa wembe uleule, vumbi la penseli likatoka jekundu. Katika Matarajio niliandika kwamba mkono umefika. Nilifungua ukurasa wa pili.

Mama Limbuko aliita jina la mwanawe mara nyingine tatu, lango likafungwa. Kisha akageuka, akaniita mimi. Shaweji, alisema. Sauti ilikuwa imepanda juu, hakuwa amekula. Shaweji, nitazame.

Masikio yangu yote mawili ninayo. Nilimsikia vizuri. Niliinamisha kichwa upande wa kulia, kidogo tu, nikaandika katika Changamoto: hakuna.